Uzuri Uliokiponza Kigango

Ukifungua kitabu cha kumwanzisha mtu falsafa, utakuta maadili yana sura yake, haki ina sura yake, na sanaa na uzuri zimewekwa huko mwishoni, mwalimu akibahatika kuzifikia kabla ya mtihani. Mgawanyo huo una faida yake kwa anayeanza. Lakini kuna ubao mmoja wa Pwani ya Kenya ambao sijaona ni sura ipi ingeutosha.

Kigango huchongwa na Wamijikenda, hasa Wagiriama, kwa ajili ya mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha watu wazito ambacho mtu haingii bila kulisha watu. Ni ubao wa mti mgumu, mara nyingine humpita mtu kimo. Una kichwa cha duara na kiwiliwili bapa kilichojaa pembetatu na maua yaliyokatwa kwa patasi, huku nyekundu, nyeusi na nyeupe zikikoleza nakshi. Hakuna anayetafuta kufanana na sura ya marehemu. Kinasimamishwa kwenye boma, kinafungwa vitambaa, kinamwagiwa tembo, na tangu siku hiyo koma, yaani roho ya mzee, ana pa kukaa. Kisha kinaachiwa jua, mvua na mchwa.

Uzuri wake ndio uliokiponza. Kuanzia miaka ya 1970 wanunuzi wa Kimagharibi waliona katika pembetatu zile kitu kilichofaa kusimama kwenye ukuta mweupe chini ya taa. Kijana asiye na kazi aliking'oa usiku kwa vijisenti, duka la watalii likakiuza, tajiri wa Marekani akakinunua kwa maelfu ya dola, na baadaye akakitoa kama hisani kwa makumbusho. Kwenye kibandiko paliandikwa kabila na aina ya kitu. Jina la mzee halikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyeliuliza.

Mwaka 1985 mtaalamu wa anthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Aliporudi kumpelekea picha, vigango vilikuwa vimeibwa, na mzee akamwomba amsaidie kuvitafuta. Mwaka 1999, kwenye mkutano wa wasomi huko Marekani, mwenzake Linda Giles alikuwa akionyesha picha za mkusanyiko wa chuo kimoja cha Illinois, na Udvardy akakitambua kimoja. Cha pili kilionekana Hampton, Virginia. Vikaachiwa virudi Kenya mwaka 2006 na 2007. Mzee alikuwa ameshafariki miaka mingi kabla.

Kuhusu uzuri, mwanafalsafa Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, ana mfano wa kasri. Mtu akiulizwa kama kasri ni zuri, anaweza kujibu kwamba hapendi vitu vilivyojengwa ili watu wavikodolee macho, au akawalaani wakubwa wanaomaliza jasho la watu kwa anasa. Kant hampingi. Anasema tu kwamba hilo silo aliloulizwa. Hukumu ya uzuri, kwake, inataka jicho lisilo na haja na kitu, lisilojali hata kama kitu chenyewe kipo au hakipo.

Ni hoja safi, nami siitupi. Ndiyo inayoeleza jinsi mtu asiyewahi kusikia habari za Gohu anavyoweza kusimama mbele ya kigango akaguswa. Lakini ili yeye apate kutazama bila haja, lazima wengine wawe wamekwisha kufanya kazi yenye haja nyingi: kung'oa, kupakia, kuuza, kufuta jina. Na Wagiriama wenyewe si vipofu wa nakshi. Fundi analipwa, kazi yake inatazamwa, na familia inaumia mfukoni ili mzee asidharauliwe. Wanaupenda uzuri huo wakiwa na haja nao, na sioni kwa nini tuwaite wao ndio wasioelewa sanaa.

Upande wa haki, Jamhuri ya Plato inatukutanisha mapema na mzee Cephalus, tajiri wa bandari ya Piraeus. Mazungumzo yanafika kwenye haki, na kwa maneno ya mzee inaonekana kuwa ni kusema kweli na kurudisha ulichochukua kwa mwenzio. Socrates anampiga mwereka palepale: rafiki aliyekukabidhi silaha akiwa timamu, akija kuzidai hali amerukwa na akili, utampa? Hapana. Basi kurudisha peke yake si haki. Mzee anaenda zake kutoa kafara, na mazungumzo yanajaza vitabu kumi bila yeye.

Makumbusho mengi hujibu madai kwa hoja hiyohiyo bila kumtaja Socrates: tukiwarudishia, mtaviacha viliwe na mchwa. Yaani mwenye mali amekuwa yule rafiki mwenye kichaa. Kwa msahafu wa kale hoja hiyo ingenitia wasiwasi. Kwa kigango imekwenda kombo, maana kuoza kumo ndani ya kazi yake. Wauzaji nao walisema vilikuwa vimetelekezwa, kwa kuwa familia ikihama huviacha nyuma. Lakini kaburi la babu yako huko ulikohama halijawa mali ya apitaye njia.

Linalonitatiza zaidi ni la nyumbani. Walioving'oa mara nyingi walikuwa vijana wa palepale, na wajukuu wengi leo ni Wakristo au Waislamu wasiotaka kusikia habari za koma. Mwaka 2019 vigango 30 vilirudi kutoka makumbusho ya Denver na kukabidhiwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Vile vya mwaka 1985 vilikuwa na picha ya kuvisemea. Hivi havikuwa na kitu: mwizi hakuandika vimetoka boma la nani, wala mnunuzi hakuuliza. Cephalus angekwama hapa. Kilichochukuliwa kimerudi, lakini apewe nani?

Jibu jepesi ni stoo ya makumbusho, safari hii ya kwetu. Ningekuwa na kauli, ningewaachia wazee wa Kimijikenda wachague mahali pa wazi huko Kilifi, visimamishwe vyote, vimwagiwe tembo kwa ajili ya wazee ambao majina yao hatuyajui, na visipakwe dawa ya mchwa. Wahifadhi watasema huo ni uharibifu wa mali ya taifa, na huenda sheria iko upande wao.