Picha za Vita na Amri ya Nane



Katika mfano wa Msamaria mwema, kuhani na Mlawi hawakukosa kumwona mtu yule aliyejeruhiwa. Walimwona, wakapita kando. Kuona peke yake, basi, hakutoshi. Na siku hizi, ambapo kijana aliyeketi Iramba au Manyoni huletewa vita vya nchi nyingine katika simu yake, neno hilo yatupasa tulitafakari sana.

Picha si kitu kibaya. Mwezi wa Oktoba 1984 Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, aliwapiga picha wenye njaa huko Korem, Ethiopia, na mataifa yakaamka kutoa msaada. Lakini watazamaji wengi walidhani kwamba ukame ndio sababu pekee. Vita vilivyoizidisha njaa ile havikuonekana katika picha.

Jambo la namna hiyo lilitokea tena, na safari hii jirani kabisa. Mwezi wa Aprili 1994 Watutsi walianza kuuawa nchini Rwanda, hata ndani ya makanisa, kama Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu. Wapiga picha walikuwa wachache, na mataifa hayakushtuka inavyostahili. Mwezi wa Julai mamia ya maelfu ya watu walikimbilia Goma. Kipindupindu kikawavamia, na kamera zikafika kwa wingi. Mara zikaja ndege, maji na dawa. Huruma ile ilikuwa ya haki, maana mtoto afaye kwa kipindupindu hana kosa. Lakini wengi walidhani kwamba wanawatazama walionusurika mauaji, kumbe katika kambi zile walikuwamo pia waliouwa, tena wakiwatawala wenzao. Picha haikusema uongo. Ilinyamaza tu juu ya yaliyotangulia.

Amri ya nane yatukataza kushuhudia uongo. Je, mtu apelekaye picha ya maiti kwa jirani zake, akisema ni ya Goma, ya jana, wala hajui ilipigwa wapi wala lini, si shahidi wa jambo asilolishuhudia? Goma ilipotekwa Januari 2025, askari wa Tanzania walikuwako huko katika jeshi la SADC. Fikirini mama wa askari akiletewa picha ya namna hiyo usiku, wala hana wa kumwuliza.

Enyi wazazi, msiwaachie watoto picha hizo kama mchezo. Kaeni nao, mwaulize: Nani aliyeipiga? Nini kilitangulia? Nani asiyeonekana? Msipopata jibu, picha hiyo na iishie kwenu, isipelekwe mbele. Wafundisheni pia kwamba maiti, awe wa upande wowote, ni mtoto wa mtu, wala hachekwi. Na msipokuwa na shaka juu ya mateso mliyoyaona, msiishie kutazama: mwombeeni anayeteswa kila jioni nyumbani, na mtoe mlicho nacho, hata kikiwa kidogo.