Panda Hata Kama Unahama: Nasaha kwa Wapangaji wa Hosteli

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Allah (S.W.), anayeteremsha maji kutoka mbinguni akaotesha kwayo mimea ya kila aina. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata nyayo zao kwa wema. Ama baad.



Katika hosteli za hapa Mbale kuna neno moja linalosikika sana: "Mimi mpangaji tu." Taa ya ujia ikiungua, mimi mpangaji tu. Taka zikijaa mlangoni, mimi mpangaji tu. Na ukimwambia mtu akate dumu, alijaze udongo, apande sukuma barazani kwake, atakuuliza: "Nipande ili ale nani? Mwezi wa tano namaliza." Nasaha yangu leo ni juu ya neno hilo. Nitaizungumza kupitia makopo, madumu na magunia, kwa sababu hayo ndiyo mashamba yetu sisi tusio na kiwanja.

Mche mkononi, Kiyama mlangoni

Anas bin Malik (R.A.) amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa Kiyama kikifika na mmoja wetu ana mche wa mtende mkononi, akiweza kuupanda kabla hakijasimama, basi aupande. Ameipokea Imam Ahmad, na Imam Bukhari katika al-Adab al-Mufrad.

Tuitafakari hadithi hii taratibu. Mtende huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa, na Kiyama kimeshafika. Hakuna atakayekula tende ile, wala hakuna atakayekaa kwenye kivuli chake. Hata hivyo mtu anaamrishwa apande. Tunajifunza kwamba thawabu ya kupanda haingoji mavuno. Inaandikwa tangu mkono unapofukia mizizi kwa nia njema. Sasa mwenzangu, wewe una mihula miwili mbele yako, na mchicha, ambao hapa tunauita dodo, huwa tayari kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Udhuru wako uko wapi?

Tena Anas (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Muislamu akipanda mti au akilima mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Hadithi haikuweka sharti kwamba mpandaji awepo wakati wa kuliwa. Ndege wanaodonoa majani ya sukuma alfajiri hawamuulizi mtu kama bado analipa kodi ya chumba.

Wapo watakaosema: lakini Mtume (S.A.W.) alimuusia Ibn Umar (R.A.) awe duniani kama mgeni au mpita njia. Ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini mwangalieni aliyeusia alivyoishi. Salman al-Farsi (R.A.) alipoandikiana na bwana wake ili ajikomboe utumwani, bei yake ilikuwa kumpandia bwana huyo mitende 300 na kumlipa wakia 40. Maswahaba walichanga miche, Salman akachimba mashimo, na Mtume (S.A.W.) akaja akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Mitende ile haikuwa ya Mtume wala ya Salman. Ilibaki kuwa mali ya mwenye ardhi, na kilichotoka pale ni uhuru wa mja wa Allah. Basi ugeni wa duniani maana yake ni kutoufunga moyo na kile unachokiacha. Hauna maana ya kuondoka pakiwa pakavu kuliko ulivyopakuta.

Shamba la mpangaji

Dumu la lita 20 lililopasuka likatwe ubavuni, lilazwe, litobolewe matundu chini. Weka kokoto kidogo ili maji yasituame. Kisha changanya udongo wa juu sehemu mbili, samadi iliyooza sehemu moja na mchanga sehemu moja. Dumu moja hubeba miche miwili au mitatu ya sukuma. Kopo dogo linatosha kitunguu cha majani au mujaaja wa kutia kwenye chai. Mwenye gunia asimamishe katikati yake kopo lisilo na kitako, alijaze mawe, ajaze udongo pembeni, kisha alivute juu kopo na kujaza tena mawe, mpaka gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe hupeleka maji hadi chini, na miche hupandwa juu na kwenye matundu ya ubavuni. Chagua baraza inayopata jua la asubuhi. Jihadhari na madumu yaliyowekwa dawa za mashambani au mafuta ya mitambo. Hayo hayafai kwa chakula hata yakioshwa.

Baadhi ya ndugu wameniuliza kuhusu samadi, kwa kuwa katika madhehebu yetu ya Shafi kinyesi cha mnyama ni najisi. Jibu la wanachuoni ni kwamba kurutubishia ardhi kwa samadi kunaruhusiwa, ingawa wapo waliosema ni makruhu, na mboga inayoota humo ni tohara. Kilichoguswa na samadi yenyewe kioshwe. Ama Wamaliki na Wahanbali, kwao kinyesi cha mnyama anayeliwa ni tohara tangu mwanzo.

Na tusidhani bustani ni jambo la tumbo peke yake. Allah (S.W.) ameitaja rehani yenye harufu nzuri katika Suratur Rahman pamoja na nafaka, akizihesabu neema zake. Na katika Sahihi Muslim, Mtume (S.A.W.) ametukataza kuirudisha rehani tunapopewa, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na harufu yake ni nzuri. Kopo moja la rehani dirishani kwa mwanafunzi anayesoma usiku ni neema inayotosha kushukuriwa.

Maji yapo, tunayamwaga

Wengi wananiambia kikwazo ni maji. Nao wana haki, maana bomba hukatika siku mbili tatu bila taarifa. Lakini Anas (R.A.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji. Mudi ni kiasi cha lita 0.7 hivi. Hosteli kwetu tuliweka beseni chini ya bomba tukapima: bomba likiachwa wazi, wudhu mmoja ulijaza zaidi ya lita 5.

Basi punguza maji ya wudhu kufuata Sunna, na yale yanayodondoka yakinge kwenye beseni. Kifiqhi maji hayo ni tohara, ingawa kwa Shafi hayafai tena kutawadhia. Hayana sabuni wala mafuta, na mmea hauna sharti la maji mutlaki! Watu wanne wakitawadha mara tatu kwa siku, hata kwa maji machache ya Sunna, wanapata maji ya kutosha madumu kadhaa. Swala yako inalisha mboga, na mboga inakulisha wewe.

Haki za wengine

Hapa ndipo penye mtihani. Katika hosteli moja mwenye nyumba aliamuru makopo yote yaondolewe, kwa sababu maji yalichafua ukuta na visahani vilizaa mbu. Vijana walinung'unika. Lakini Uislamu umeweka kanuni: hakuna kujidhuru wala kuwadhuru wengine. Mmea ni wako, ukuta si wako. Omba ruhusa kwanza, inua madumu juu ya matofali yasiguse ukuta, mwaga maji yanayotuama, na acha njia ya kupita. Malaria ya jirani haifidiwi na sukuma yako.

Haki ya pili ni ya mwenye njaa. Sote tunajua wiki za mwisho za muhula zilivyo. Fedha za kutoka nyumbani zimekwisha, na wapo wenzetu wanaokula posho kwa chumvi mlango umefungwa ili wasionekane. Katika Suratul Qalam, Allah (S.W.) ametusimulia habari za wenye shamba walioapa kuvuna alfajiri kwa kunong'onezana, ili maskini yeyote asiingie humo siku hiyo. Walipofika walikuta limeteketezwa usiku, nao wamelala. Dhambi yao ilianza kwenye nia, kabla hata panga halijashikwa.

Kwa hiyo, wewe mwenye dumu, usingoje jirani aje kuomba, kwani mwenye staha haombi. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) kwamba akipika mchuzi auzidishe maji na awaangalie majirani zake. Chuma majani mapema, gonga mlango, sema: "Ndugu, yamezidi, nisaidie kuyamaliza." Hapo umempa mboga na umemlindia heshima yake. Na mmea wako ukistawi watu wakausifu, kumbuka yule mwenye mabustani mawili katika Suratul Kahf aliyedhani bustani yake haitaangamia kamwe. Sema: Mashaallah, la quwwata illa billah.

Siku ya kuondoka

Madumu manne niliyo nayo nilikabidhiwa na kaka mmoja aliyehitimu mwaka jana. Yeye naye alikabidhiwa mawili na aliyemtangulia. Wala sijui ni nani aliyekata la kwanza. Kila ninapochuma, najua wapo watu wanaoandikiwa sadaka bila wao kujua kama leo nimekula. Mimi nami nahitimu mwaka huu, inshaallah.

Nawausia wenzangu wa mwaka wa mwisho wasiondoke na kuacha miche ikauke mlangoni. Wala usiseme tu, "Mwenye kutaka achukue." Hiba katika fiqhi yetu hutimia kwa kutoa, kukubali na kukabidhi. Basi mtafute mdogo wako wa mwaka wa kwanza, mtajie kwamba umempa, akubali, umkabidhi mkononi pamoja na kijiko cha kupalilia. Mwambie sukuma huchumwa kutoka majani ya chini. Mwambie ni mlango upi wa kugonga wiki za mwisho wa muhula, lakini usimtangazie mwingine.

Mji wetu unakumbuka mafuriko ya mwisho wa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika na kuchukua roho za watu. Allah awarehemu waliofariki. Kila dumu lililogeuzwa bustani ni dumu moja ambalo halitaziba mtaro mvua ya Wanale itakapoteremka. Nalo pia ni jambo la kumwachia mji uliotupokea.

Na asiyepata hata kopo, asikate tamaa. Abu Huraira (R.A.) alikuwa akipanda mche, Mtume (S.A.W.) akapita na kumwonyesha upandaji ulio bora zaidi: kusema Subhanallah, Alhamdulillah, La ilaha illallah na Allahu Akbar, kwani kwa kila moja hupandiwa mtu mti Peponi. Ameipokea Ibn Majah. Basi mikono ipande na ulimi upande.

Ewe Mola wetu, zijaalie baraka kazi za mikono yetu, walishe wenye njaa walio karibu nasi, usitufanye miongoni mwa wanaozuia, na utujaalie makao katika mabustani yapitiwayo na mito chini yake, ambako hakuna tena kuhama. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.