Nafaka ya Asiye na Bei

Sisi watu wa pwani tuna mazoea ya kumtaja mbwa pale tu tunapotaka kutusi au kutahadharisha. Akiingia katika mazungumzo ya fikihi huingia kwa mlango wa najisi: chombo alicholamba kioshwe mara saba, moja kwa udongo, na hapo kikao hufungwa. Kweli hiyo ndiyo kauli ya madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu tangu Lamu hadi Ngazija, ilhali Wamaliki humhesabu mbwa kuwa tohara. Lakini suala la najisi ni suala la vyombo vyetu na nguo zetu. Lipo suala jingine lililo la mbwa mwenyewe: je, mbwa ana haki ya kula? Sisemi kuhurumiwa. Nasema haki, yaani jambo ambalo kiumbe asipotimiziwa huwa amedhulumiwa.

Kwa asiyefuga swali hili ni la kupitisha wakati. Katika nyumba ya msasi ni swali la kila jioni. Huko kusini mwa Unguja, penye ardhi ya mawe na vichaka, nguruwe mwitu huingia mashambani usiku wakachimbua mihogo na viazi, na wasasi huwafuata kwa mbwa. Mbwa mmoja hamwezi nguruwe, hutakiwa kundi. Basi nyumba ya msasi ni nyumba yenye mbwa wanne au watano, nao, wasake wasisake, kila siku wanataka kula. Chakula chenyewe si cha kusifiwa: ukoko wa wali, uji mzito wa pumba za mahindi, matumbo ya samaki yaliyochemshwa, na siku ya windo, nyama ya mnyama ambaye mwenye nyumba hamli.

Mimina chakula hicho mahali pamoja uone. Dume kubwa hutia kichwa na hakitoi mpaka chini pamebaki pakavu. Jike anayenyonyesha hujaribu mara moja, akaumwa sikio, akarudi kwa watoto wake. Mzee wa kundi, ambaye miaka sita nyuma ndiye aliyekuwa akiongoza msituni, husimama mbali akiangalia pembeni kana kwamba hana njaa. Mwenye nyumba amelisha; hakuna awezaye kumwambia kuwa hakulisha. Hata hivyo wawili wamelala na njaa, na njaa hiyo imetoka mkononi mwake.

Ndiyo maana ajuaye kazi hiyo hugawa. Kila mbwa na kigae chake, na kila kigae na mahali pake: kimoja nyuma ya jiko, kimoja chini ya mwembe, cha mwenye vilebu ndani ya banda. Kisha mlishaji hakai kitako. Husimama na fimbo, si ya kupiga bali ya kuonyesha mpaka, mpaka yule anayekula polepole amalize. Utaratibu huu mtu akiupita njiani ataudhani ni upuuzi wa watu waliokosa kazi. Mimi naona ndani yake fikra nzito ya uadilifu kuliko nyingi tunazozisikia majukwaani.

Kwanza, vigae havilingani. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alitoa mfano wa Milo, mpiga mieleka mashuhuri: kiasi cha chakula kinachomtosha anayeanza mazoezi ni kidogo mno kwa Milo, na kinachomtosha Milo kingemdhuru yule mwingine. Jike mwenye vilebu sita anakula kwa matumbo saba. Kumpa sawa na dume lililoshinda kivulini ni kumpunja huku ukijisifu kwa usawa.

Pili, na hili ndilo lililonishughulisha zaidi, ni ile kusimama na fimbo. Izz al-Din ibn Abd al-Salam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki Cairo mwaka 1262, aliorodhesha haki za wanyama juu ya mwanadamu. Miongoni mwake ni kupewa matumizi yanayowafaa hata wakiwa wagonjwa au vilema wasio na manufaa tena. Na ni kwamba mtu asimkusanye mnyama pamoja na kile kitakachomuudhi, kiwe cha jinsi yake au cha jinsi nyingine, kwa kumvunja, kumpiga pembe au kumjeruhi. Tazama alivyofika mbali. Hakutosheka na kumkataza mwenye mnyama asimpige. Amembebesha pia dhuluma ya mnyama kwa mnyama, maadamu ni yeye aliyewakusanya. Dume kubwa halina dhambi kwa kunyang'anya. Dhambi, ikiwapo, ni ya aliyemwaga chakula akaenda zake.

Watasema wengine kuwa mbwa hajui haki wala dhuluma. Huko Vienna, Friederike Range na wenzake walichapisha mwaka 2009 majaribio ambamo mbwa waliombwa watoe mguu wa mbele, kama wanaopeana mkono. Mbwa aliyeona mwenzake anapewa chakula na yeye hapewi kitu alichoka upesi, akakataa kutoa mguu, kuliko alipokuwa peke yake bila malipo. Ni habari ya kuvutia, ila mimi siegemezi hoja yangu hapo. Mtoto mchanga naye hajui kuwa ana haki ya maziwa.

Hoja yangu naiegemeza kwenye bei. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, katika Minhaj, kitabu kilichosomeshwa sana katika darsa za pwani, anaufunga mlango wa nafaka kwa wanyama. (Neno hilo kwetu limeishia kuwa jina la mtama na mahindi, lakini asili yake ni matumizi anayodaiwa mtu kwa walio chini yake.) Mwenye mnyama lazima amlishe na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: kama analiwa, amuuze, amlishe au amchinje, kama haliwi, amuuze au amlishe. Sasa mbwa, kwa madhehebu hayo hayo, hauzwi; biashara yake ni batili. Mlango wa kuuza umefungwa, wa kuchinja haupo. Kilichobaki ni kumlisha, kumpa mtu atakayemtumia kwa halali na kumlisha, au kumwachilia. Kiumbe asiye na bei hata ya senti moja ana dai ambalo mwenyewe hana namna ya kulikwepa kwa fedha. Hapo ndipo inapodhihiri kuwa nafaka haikutokana na thamani ya mali.

Na si chakula tu. Katika mlango wa kutayamamu mafakihi wanasema maji yakihitajiwa kwa kiu ya mnyama mwenye heshima ya uhai, naye mbwa wa manufaa asiye na kichaa yumo, basi mnyama hunyweshwa na mtu akatayamamu kwa udongo. Udhu unampisha mbwa.

Linabaki zito: nyumba ambayo watoto wenyewe hawajashiba. Hapo sina shaka kwamba watoto hutangulia, na anayesema vinginevyo hajapata kulala na njaa. Lakini ugumu huo aghlabu hautokei jioni ile. Ulianza siku mtu alipomleta kilebu wa tano ilhali chungu chake ni cha wanne. Ama kuachilia, naona kumechukuliwa kwa wepesi mno. Mbwa kijana aliyeachiliwa huenda akajitafutia majalalani na ufukweni. Mzee aliyezoea kigae kwa miaka kumi hajitafutii kitu. Hurudi akalala mlangoni. Kumfukuza tena na tena mpaka asirudi ni kumuua kwa njia ndefu, wala silioni linavyoitwa kuachilia.

Kwa hiyo hubaki uani. Hana meno ya kutafuna ukoko, basi ukoko wake hulowekwa katika maji ya samaki tangu alasiri, akapewa kando, na aliyeshika fimbo husubiri hadi kiza kinaingia, kwani yeye ndiye anayechukua muda mrefu kuliko wote.