Kumwombea Mwenye Hatia

Mashariki ya St. James Town, ng'ambo ya bonde la Mto Don, lipo jengo la mawe lililofunguliwa mwaka 1864 likiwa gereza, na ambalo leo ni ofisi za hospitali. Kutoka kwenye minara ya mtaa huo, ambako Kiswahili hakikosi kusikika ndani ya lifti pamoja na Kitagalogi, Kitamili, Kinepali na Kiamhari, mtu huweza kulifikia kwa miguu katika muda wa kama nusu saa. Humo, usiku wa kuamkia tarehe 11 Desemba 1962, wanaume wawili walinyongwa pamoja, mgongo kwa mgongo. Ndio waliokuwa wa mwisho kunyongwa nchini Kanada. Mmoja, Ronald Turpin, alimuua polisi. Wa pili, Arthur Lucas, alikuwa Mmarekani mweusi, mzaliwa wa Georgia na mkazi wa Detroit, aliyepatikana na hatia ya kumuua Mmarekani mwenzake mjini Toronto. Baraza la mawaziri la John Diefenbaker lilikataa kubadilisha adhabu zao.

Lucas alikufa ugenini. Miezi minne baadaye, Aprili 1963, mataifa yalikubaliana mjini Vienna juu ya mkataba wa uhusiano wa kikonseli, ambao katika kifungu chake cha 36 unamtaka anayemkamata mgeni amweleze bila kuchelewa kwamba ana haki ya kuwasiliana na ubalozi wa kwao. Kifungu hicho hakiulizi kama mtu ametenda kosa au hakutenda. Hapo ndipo lilipo swali linalostahili kufikiriwa kwa utulivu, hasa na watu waishio mbali na kwao: nchi humwombea raia wake aliyehukumiwa kifo ugenini kwa hoja gani, ikiwa raia huyo ameua kweli?

Kumtetea asiye na hatia si jambo gumu kulieleza. Ni kusahihisha kosa. Anayemtetea hahitaji huruma, anahitaji ushahidi. Ugumu huanza pale ushahidi unapokuwa upande wa pili.

Lugha ya Kiswahili ina neno linaloweza kusaidia. Balozi, ambalo wataalamu wa asili ya maneno hulirudisha kwenye Kituruki na kupitia huko hadi kwa wawakilishi wa Venisi, lilipofika bara lilishuka ngazi. Tanzania ya TANU ilimpa jina hilo kiongozi wa nyumba kumi. Mtu yuleyule mwenye cheo cha kukaa na wafalme akawa jirani anayejua nani kafiwa, nani kahamia, na kijana wa nani kakamatwa. Kijana wa nyumba ya saba akishikwa na mali ya wizi, balozi huenda kituoni. Haendi kusema hakuiba. Huenda kwa sababu kijana yule yumo katika hesabu yake, na asipokwenda yeye hakuna mwingine ambaye kazi yake ni kwenda. Ushahidi wa mtu wa namna hiyo hautoki katika tendo lililofanyika, unatoka katika kufahamiana: huyu tunamjua, ana mama, ana watoto, msimsome kwa ukurasa mmoja.

Yapo mengi ya kusema dhidi ya mfumo ule, maana balozi wa nyumba kumi alikuwa pia jicho la chama. Lakini wazo lenyewe, kwamba mtu huzungumziwa kwa sababu ni wa mahali fulani na si kwa sababu ni mwema, ni wazo zito kuliko linavyoonekana. Katika St. James Town, ambako korido moja ya ghorofa moja huweza kuwa na milango zaidi ya kumi, si kila mlango una balozi wa aina hiyo, na wakazi wake wanalijua pengo hilo vizuri.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mashauriano ya kidiplomasia kwa asili yake ni chombo cha rehema. Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 nchini Kenya, Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu walikimbilia Tanzania. Mwaka uliofuata, serikali mbili zilipokuwa zinasuluhisha ugomvi wao wa muda mrefu, Tanzania iliwarudisha, na Kenya ikawatoa Watanzania waliotuhumiwa kula njama ya kumpindua Nyerere. Kulikuwa na wajumbe, vikao na maelewano. Matokeo ya maelewano hayo ni kwamba mwezi Julai 1987 Ochuka na Okumu walinyongwa katika gereza la Kamiti. Hadi sasa hao ndio wa mwisho kunyongwa kwa amri ya mahakama nchini Kenya. Mwalimu, ambaye wengi wamemsifu, na kwa haki, kwa kuwapokea wakimbizi wa bara zima, hapa aliwatoa watu kwa serikali ambayo kila mtu alijua ingewafanya nini.

Kanada ilifanya jambo linalofanana na hilo mwaka 1998, ingawa kwa utaratibu wa ofisi zaidi kuliko wa siasa. Roger Judge alikuwa amehukumiwa kifo Pennsylvania mwaka 1987 kwa mauaji, akatoroka gerezani, akaingia Kanada, akafungwa huko kwa unyang'anyi. Alipomaliza kifungo alirudishwa Marekani bila Kanada kudai ahadi yoyote kwamba hatauawa. Alilalamika mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 2003 Kamati ilisema kwamba nchi iliyokwisha kufuta adhabu ya kifo haiwezi kumpeleka mtu penye adhabu hiyo bila kuhakikishiwa kwamba haitatekelezwa. Ikageuza hapo msimamo wake yenyewe wa miaka kumi iliyotangulia, uliozihusu kesi nyingine za Kanada. Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Kanada ilikuwa imeshafika karibu na msimamo huo mwaka 2001, na mwaka huohuo Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilisema vivyo hivyo kuhusu Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyekabidhiwa kwa Wamarekani kutoka Cape Town baada ya mlipuko wa ubalozi wa Dar es Salaam wa 1998. Mohamed alikuwa akishtakiwa kwa mauaji ya watu wengi. Majaji wa Johannesburg hawakuona kwamba jambo hilo linapunguza wajibu wa serikali yao.

Katika shauri la Judge, cha kutazamwa zaidi ni fidia iliyoamriwa. Kamati haikuweza kumrudisha mtu Kanada. Ilichoweza ni kuitaka Kanada ipeleke kwa Marekani maombi ya kila namna yanayowezekana ili asiuawe. Yaani kosa la kisheria lilipewa dawa ya kidiplomasia: nenda ukaombe. Ni amri ngeni kidogo, kwa sababu ombi, kwa kawaida yake, ni kitu anachotoa mtu kwa hiari, na anayeombwa ana uhuru wa kukataa. Wahenga walishauri kwamba mkono usioweza kuukata, ubusu. Hawakusema kuna mahakama inayoweza kumwamuru mtu abusu.

Kesi ya Stephen Munyakho inalipeleka swali mbali zaidi, maana katika kesi hiyo anayeombwa si serikali. Munyakho, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi Saudi Arabia, aligombana na mwenzake, raia wa Yemen, mwaka 2011, na mwenzake akafa. Mwanzoni alipewa kifungo cha miaka mitano kwa kuua bila kukusudia. Familia ya marehemu ilikata rufaa, na hukumu ikawa kifo. Tangu hapo, kwa sheria ya kisasi, mwenye mamlaka ya mwisho hakuwa hakimu bali warithi wa marehemu: wangeweza kudai auawe, kusamehe bure, au kusamehe kwa diya. Inafaa kukumbuka kwamba kisasi cha Kiswahili si kisasi cha Kiarabu. Sisi tumelibakizia neno uchungu wake tu. Asili yake ni ulinganifu, kipimo kinachomzuia mlipaji asizidishe, na ndani ya kipimo hicho mlango wa msamaha umeachwa wazi, hata ukasifiwa.

Kwa hiyo serikali ya Kenya ilijikuta katika kazi ambayo vitabu vya diplomasia haviielezi vizuri. Iliweza kuiomba Riyadh muda, na iliupata: utekelezaji uliopangwa Mei 2024 uliahirishwa. Lakini haikuweza kuiomba Riyadh msamaha, kwa sababu msamaha haukuwa wa Riyadh kuutoa. Ulikuwa wa nyumba moja ya Yemen. Mama yake Munyakho, mwandishi wa habari wa siku nyingi Dorothy Kweyu, alihangaika kwa miaka kumi na zaidi kutafuta fedha. Diya iliyokubaliwa ilikuwa riyali milioni 3.5, sawa na takriban shilingi milioni 120 za Kenya. Michango ya wananchi, ya nyumbani na ya ughaibuni, ilikuwa mbali sana na kiasi hicho. Hatimaye Rabita, yaani Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu yenye makao Makka, ndiyo iliyolipa, na Julai 2025 Munyakho akatoka gerezani.

Wapo walioudhika na bei. Roho ya mtu imepigiwa hesabu, walisema, na mtu asiye na mama mwenye jina, asiye na kampeni, angekufa. Lawama ya pili ni ya kweli na nzito. Ya kwanza inastahili kujibiwa. Diya haidai kwamba uhai wa marehemu una thamani ya riyali kadhaa. Inadai kwamba aliyefiwa asiachwe mikono mitupu wakati mataifa yanajadili uhai wa muuaji. Katika mashauriano mengi ya kidiplomasia kuhusu mfungwa wa kifo, marehemu hana kiti. Barua hutoka wizara moja kwenda nyingine, na jina lake likitajwa hutajwa kama sehemu ya maelezo ya kosa. Katika utaratibu ule mwingine, pamoja na ukali wake wote, hakuna anayeweza kuokoa roho bila kwanza kubisha hodi kwa waliofiwa na kukaa chini. Balozi analazimika kuwa balozi wa nyumba kumi.

Hili halifuti tatizo la anayeomba. Kenya iliyopeleka maombi Riyadh ni Kenya ambayo sheria yake ya makosa ya jinai bado imeandika kifo kwa kosa la mauaji. Mahakama ya Juu iliondoa ulazima wa adhabu hiyo Desemba 2017 katika shauri la Muruatetu, lakini haikuiondoa adhabu yenyewe. Marais wamekuwa wakiibadilisha kwa mafungu: Kibaki mwaka 2009 kwa zaidi ya wafungwa 4,000, Kenyatta mwaka 2016 kwa wafungwa 2,747. Rehema ya jumla namna hiyo, inayotolewa bila kumtazama mtu mmoja mmoja na bila kuwauliza waliofiwa, ni kinyume kabisa na ile iliyotafutwa Yemen. Ofisa wa Saudi angekuwa na haki ya kuuliza: nanyi je? Huenda jibu la uaminifu ni kwamba ombi la Kenya halikusimama juu ya msimamo kuhusu adhabu ya kifo. Lilisimama juu ya umoja wa nyumba: ni wetu. Jibu hilo linaonekana dhaifu kwa mwanasheria, lakini lina faida moja, kwamba anayelitoa hajifanyi msafi kuliko anayemwomba.

Kanada ilijaribu njia tofauti. Ronald Smith, mzaliwa wa Alberta, aliwaua vijana wawili wa kabila la Blackfeet huko Montana mwaka 1982, na alikiri hatia. Kwa miaka mingi wanadiplomasia wa Kanada waliomba abadilishiwe adhabu. Mwaka 2007 serikali ya Stephen Harper ikaamua kwamba haitawaombea tena wauaji waliohukumiwa katika nchi za kidemokrasia. Ilikuwa kana kwamba balozi wa nyumba kumi ametangaza kuwa hataenda kituo ambacho polisi wake ni waungwana. Mwaka 2009 Mahakama ya Shirikisho iliona kwamba msaada umeondolewa isivyo haki, ikaamuru uendelee.

Barua ikaandikwa. Waziri wa Mambo ya Nje, John Baird, aliipelekea Montana ombi lililoeleza kwamba linaletwa kwa sababu mahakama imeagiza, na kwamba lisichukuliwe kuwa ni maoni ya serikali kuhusu mwenendo wa Smith. Mei 2012 bodi ya msamaha ya Montana ilisikiliza shauri. Ndugu wa marehemu walihudhuria, wakazungumza kwa vinywa vyao, wakaomba asisamehewe. Bodi ikashauri ombi likataliwe.