Deni la Mzazi kwa Mtoto Asomaye

Kumfundisha mtoto kusoma ni wajibu wa nani? Mzazi hujibu upesi kuwa ni wa mwalimu, kwa sababu mwalimu hulipwa mshahara kwa kazi hiyo. Jibu hili lina nusu ya haki. Mwalimu hutoa ufunguo. Walakini ufunguo usiotumika nyumbani huota kutu.

Kiswahili kimewafanyia watoto hisani kubwa. Kina irabu tano tu, na kila moja hushika sauti yake katika kila neno. Mtoto ajuaye ba, be, bi, bo, bu, na silabi zilizo ndugu zao, aweza kutamka neno ambalo hajapata kuliona. Lakini aweza pia kutamka ukurasa mzima kama kasuku, asijue kama aliyetajwa ni mwizi au mwenye mali. Maana hukomaa katika mazungumzo, na mazungumzo ni mali ya nyumba. Nani kafanya hivi? Kwa nini? Ungekuwa wewe ungefanyaje? Maswali haya hayataki shahada.

Hapa huzuka swali zito zaidi: je, mzazi asiyejua kusoma amesamehewa deni hili? Wengi hudai kuwa amesamehewa, kwani asiye nacho hatoi. Desturi ya kale yaipinga hoja hiyo. Katika nyumba nyingi, za mwambao na za bara, barua ilipofika mtoto wa shule aliitwa aisome mbele ya wazee. Bibi asiyejua herufi alisikiliza, akamsimamisha mjukuu penye utata, akaamuru mstari urudiwe, akaeleza nani ni nani katika ukoo. Mtoto alitoa macho, bibi akatoa maana. Barua ikasomwa na watu wawili.

Basi kizuizi kikubwa ni haya. Mzazi huona fedheha kuketi mbele ya mwana wa miaka saba kama mwanafunzi, na fedheha ikikosa pa kujificha hugeuka ukali: kitabu huamriwa kiondolewe, na mtoto hutumwa maji. Wapo wasemao kuwa hivyo ndivyo utii ulindwavyo. Lakini utii uliojengwa juu ya siri huanguka siku siri ifichukapo, na mtoto hakawii kuifichua. Tanzania ilipata kuikabili haya hii: mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na watu wenye mvi wakashika kalamu mbele ya wajukuu wao. Aliyekiri kuwa hajui hakuacha kuwa mzee.

Ni kweli kuwa mama aliyeshinda shambani hurudi amechoka, na taa hutaka mafuta. Hadaiwi saa nzima. Adaiwa sikio lake wakati chungu kingali jikoni. Mzazi amwambiaye mwanawe, "Nisomee, nipate kujua," hampi herufi hata moja, lakini humpa sababu ya kuzitafuta.