Haki ya Kipofu si Sadaka Peke Yake

 

Enyi ndugu zetu wa pwani, kisa cha Sura ya Abasa kila mmoja wetu amekisikia darasani. Abdullah bin Ummi Maktum, naye ni kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) katika Makka, na Mtume alikuwa akisema na wakubwa wa Kikureshi kwa kutumai kusilimu kwao, na yaliyoteremka kwa ajili ya kipofu yule yajulikana. Lakini liko jambo moja ambalo wengi hulipita mbio. Mtu yule hakuja kuomba chakula, wala nguo, wala fedha. Alikuja kutaka afundishwe. Haki aliyotetewa ni haki ya mwanafunzi kwa mwalimu wake. Na baadaye, katika Madina, ndiye aliyekuwa akiadhini pamoja na Bilal, hata watu wakazuia kula katika Ramadhani kwa kusikia sauti yake. Tena Mtume alipokuwa safarini alipata kumwacha kuwa naibu wake mjini.

Basi tujitazame. Siku ya Ijumaa vipofu hukaa milangoni mwa misikiti yetu, nasi hutoa, na kutoa ni kwema. Ni nani kati yetu aliyepata kumwuliza mmoja wao: Ulipokuwa mtoto, nani alikufundisha kusoma?

Huenda mtu akajibu: Sisi twawafundisha, hawakuhifadhi Msahafu kwa masikio katika vyuo vyetu? Ni kweli, na hiyo ni sifa ya vyuo vyetu. Lakini ahifadhiye kwa sikio, akisahau, hana pa kurejea ila kwa mwenye macho. Wala kuandika barua, au hesabu ya duka lake, hawezi. Herufi ni kitu kingine.

Na herufi zake zipo. Louis Braille, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1809, na aliyepofuka utotoni kwa kujichoma jicho na chombo cha kazi cha baba yake, fundi wa matandiko ya farasi, alitengeneza mwaka 1824, naye ni kijana wa miaka 15, maandishi ya nukta zilizoinuka juu ya karatasi. Kwetu huitwa nukta nundu. Nukta ni sita tu, na kwa kuzipanga hupatikana alama 63. Zatosha kwa Kiswahili, zatosha kwa hesabu, na kwa Kiarabu pia. Ila Kiarabu chake husomwa toka kushoto kwenda kulia, jambo la kumshangaza aliyezoea Msahafu wa wino. Msahafu wa nukta nundu umekwisha kupigwa chapa, nao si kitabu cha kutia kwapani, bali ni majalada makubwa kadhaa.

Sasa twende bara, maana watu wetu wengi wamekwisha kwenda huko. Serikali ilianza kuhamia Dodoma mwaka 2016, mji wa ofisi zake umejengwa Mtumba, jirani na Ihumwa, na reli mpya ilianza kuchukua abiria toka Dar es Salaam mpaka Dodoma mwaka 2024. Mwenye kushika njia kuu toka Ihumwa kwenda upande wa Morogoro hufika Buigiri, na hapo ipo shule ya wasioona iliyofunguliwa na Kanisa la Anglikana mwaka 1950, ya kwanza ya namna hiyo katika Tanganyika. (Wakristo walitangulia, na yafaa kusemwa bila ya husuda.) Nchi ile ya Wagogo ni kavu, maji ni haba, nzi ni wengi, na maradhi ya trakoma, yageuzayo kope zikakwaruza jicho, yamewapofua watu wengi, hata waganga wakafanya uchunguzi mashuhuri wilaya ya Kongwa juu ya faida ya kuwaosha watoto nyuso.

Ama kuwapo kwa shule si sawa na kuwa mafunzo yake ni mema, iwe shule ya Buigiri au nyingine yoyote, bara au pwani. Sisi wageni huuliza vitanda vingapi na magunia mangapi ya unga. Huleta sukari na sabuni, hupiga picha, huondoka. Hayo yote ni habari ya bweni. Habari ya darasa ni hii: Je, mwalimu mwenyewe asoma nukta nundu kwa ufasaha? Vitabu vya darasa vimefika kwa maandishi hayo, au watoto wote wamsikiliza mmoja asomaye? Ipo karatasi nene? Kwani katika karatasi nyembamba nukta hulala, na maandishi yakafutika. Mashine ya kuandikia ikiharibika, yuko fundi? Mtoto mwenye ualbino si kipofu. Mara nyingi hufaa asome kwa macho yake, kwa herufi kubwa, akae karibu na ubao, mbali na mwanga mkali. Na kiziwi akipewa mwalimu asiyejua Lugha ya Alama, hali yake ni ya maamuma wa nyuma kabisa asiyesikia takbiri wala kumwona imamu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ilipitishwa mwaka 2010, na ada ya shule za Serikali iliondolewa mpaka kidato cha nne tangu mwaka 2016. Karatasi nene haikuondolewa bei. Sisi watu wa pwani twajua wakfu: tumeweka minazi, tumeweka visima, tumeweka misahafu. Ni nani aliyeweka wakfu karatasi na mashine kwa ajili ya watoto hawa?

Nawe ujaliwapo kufika katika shule kama hiyo, omba idhini ya mwalimu, kisha mpe mtoto wa darasa la nne kitabu asichopata kukisoma, ukifungue katikati, umsikilize. Akienda polepole, akakosea, akarudisha vidole nyuma na kujisahihisha, huyo anasoma. Akitiririka bila ya vidole kutembea juu ya karatasi, huyo amehifadhishwa.

Wa billahi t-tawfiq.