Ukuta Usio na Saruji

Ukipanda matatu kutoka Kisii mjini kwenda Keroka, ukifika Keumbu hebu angalia kando ya barabara. Nilipokuwa mtoto ungeona michongoma, migomba na majani chai. Siku hizi unaona kuta. Mawe ya machimbo, saruji, vipande vya chupa vimepangwa juu kama meno, na lango la chuma lililopakwa rangi nyeusi na dhahabu. Wakati mwingine hata nyumba haijajengwa bado. Mtu ana robo ekari, hana choo, hana kisima, lakini ukuta umeshazunguka.

Simcheki mtu. Usiku wa Keumbu una wezi wa kweli, na mtu aliyeamka akakuta zizi tupu hahitaji falsafa, anahitaji ng'ombe wake. Lakini ukuta ni kitu cha ajabu kidogo. Unawekwa kwa sababu ya mwizi, halafu unamzuia kila mtu: shangazi, mtoto anayefuata mpira, mama anayekuja kuomba chumvi. Kwa hivyo kuna swali ambalo fundi hawezi kutujibia. Nina haki gani ya kumfungia nje mtu ambaye hajanikosea, kwa sababu ya mtu mwingine ambaye hata simjui?

Kwetu swali hili si la vitabuni. Ndama wetu aliibwa, na mama akasema imetosha, tujenge. Ndugu zangu, mmoja yuko Nairobi na mwingine Doha, wakakubali kutuma pesa. Mimi niliyeacha chuo mwaka wa tatu na sasa naandika nikiwa nyumbani, nikapewa kazi ya kumsimamia fundi. Fundi akapima, akafika katikati ya migomba, akasimama. Hapo pana njia. Inatoka barabarani, inakata shamba letu, inashuka hadi chemchemi. Watu wamepita hapo tangu kabla babu hajaoa. "Hapa kwa njia tunafunga?" akauliza. Nikalipeleka swali kwenye kikundi cha familia cha WhatsApp, na kaka yangu akajibu kwa sentensi moja: "Hiyo njia haiko kwa hati."

Ni kweli haiko kwa hati. Ila hata sheria ya Kenya haimalizi mambo hapo. Njia iliyotumiwa waziwazi, kwa amani na bila kukatizwa kwa miaka 20 inaweza kuwa haki ya wanaoitumia. Lakini sitaki kujificha nyuma ya sheria. Hata kama hakimu angetupa ushindi, bado ningetaka kujua kama tunafanya vizuri.

Mtu wa huku kwetu akitaka kufikiria kuhusu kuta hahitaji kwenda Uchina. Thimlich Ohinga iko kaunti jirani ya Migori, kama kilomita 46 kaskazini magharibi mwa mji wa Migori. Mimi nilipitia Rongo na upande wa Ndhiwa, halafu boda boda na vumbi la kutosha. Kwa Dholuo, ohinga ni makao yaliyozungushiwa ngome, na thimlich hutafsiriwa kuwa msitu mnene wa kutisha. Wataalamu wanakadiria kwamba ilijengwa karne ya 16. Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Na si ya pekee: katika eneo hilo la mashariki mwa Ziwa Victoria kumehesabiwa sehemu 138 zenye majengo 521 ya mawe ya aina hii. Hii Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika kuliko zote.

Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na mita 4.5, na unene wa mita 1 hivi. Lakini kilichonishika si ukubwa. Ni kwamba hakuna kinachoyaunganisha mawe. Hakuna saruji wala udongo, na mawe hayajachongwa. Kuna safu ya nje, safu ya ndani, na katikati vijiwe vidogo vinavyozikaza safu hizo mbili. Uzito wa jiwe moja unalishikilia jingine. Malango ni mafupi na membamba, yamewekewa mawe bapa juu, na mtu mzima lazima ainame ili apite. Hata uwe shujaa vipi, unaingia ukitanguliza kichwa, na aliye ndani anakuona kabla hujamwona.

Ukuta wa namna hiyo hauishi kujengwa. Mzizi unasukuma, mvua inalegeza, mbuzi anapanda. Jiwe likianguka leo ukaliacha, kesho linafuata la pili. Hivyo ukuta wa Thimlich haukuwa kitu ambacho mtu alinunua akamaliza. Ulikuwa kazi ya kila wakati, tena kazi ya watu wengi, kwa sababu yale mawe ya chini hayainuliwi na mtu mmoja. Ili ukuta usimame, ilibidi kwanza watu wa ndani waelewane.

Na kuna jambo jingine ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Watafiti wanasema jamii za lugha tofauti, za Kibantu na za Kiniloti, zilikaa ndani ya kuta zile kwa kupokezana. Jamii moja ikihama, nyingine inaingia, inarekebisha palipobomoka, inaendelea. Fikiria hilo. Huenda mtu aliyeinua jiwe la kwanza alikuwa anamwogopa babu wa mtu aliyelirudisha jiwe hilo miaka mia baadaye. Ukuta haukujua ulijengwa dhidi ya nani. Ulimlinda yule aliyeutunza.

Hili si la Thimlich tu. Kuta za ulinzi zinazotajwa sana duniani ziko Istanbul, mji uliokuwa ukiitwa Konstantinopoli, na nyingi bado zimesimama. Zilijengwa mwaka 413, enzi ya mfalme Theodosius wa Pili. Upande wa nchi kavu kulikuwa na handaki, ukuta wa nje, na ukuta wa ndani wenye minara 96. Mwaka 447 tetemeko la ardhi liliziangusha sehemu kubwa, wakati huohuo jeshi la Attila likitishia mji. Zilirudishwa kwa miezi miwili hivi, na inasimuliwa kwamba waliofanya kazi hiyo ni mashabiki wa mbio za magari ya farasi, wa Bluu na wa Kijani, watu ambao kwa kawaida walikuwa wakipigana mitaani. Ni kama leo uambie mashabiki wa Shabana na wa Gor Mahia wabebe mawe pamoja usiku na mchana. Ukiniuliza mimi, ulinzi wa mji mwaka ule ulianza kabla ya jiwe la kwanza kurudi mahali pake.

Lakini mji huohuo ulianguka mwaka 1204, na walioingia ni Wakristo wenzao kutoka magharibi, wanajeshi wa Vita vya Msalaba. Mwaka mmoja kabla walikuwa wamefika wakiandamana na mwana wa mfalme aliyekuwa akigombania kiti cha ufalme na jamaa yake. Kwa lugha ya nyumbani: ugomvi wa urithi ndani ya familia ulimleta mgeni mwenye silaha hadi mlangoni. Mtu wa Kisii hahitaji kuelezwa zaidi. Kesi nyingi za ardhi tunazozijua hazikuanza na mtu wa mbali. Zilianza na ndugu, na hakuna ukuta unaomzuia ndugu, kwa sababu yeye yuko ndani tayari. Mwaka 1453 mizinga ya Mehmed wa Pili ilimaliza hadithi. Leo kuna sehemu za handaki lile ambako watu wamekuwa wakilima mboga.

Sisi Abagusii tulikuwa na namna yetu. Wazee wana neno orwaki, boma la ngome, na pia ebisarate, kambi ambazo vijana walikaa wakilinda ng'ombe wa ukoo. Ulinzi haukuwa mali ya nyumba moja, ulikuwa zamu. Kisha Waingereza wakaja na bunduki, mwaka 1905 na tena 1908, na miaka michache baadaye serikali ya kikoloni ikazivunja ebisarate. Ulinzi ukawa kazi ya chifu na askari. Baadaye ardhi ikapimwa, kila mtu akapewa hati yake. Na askari asipofika usiku, kila mtu anajitafutia usalama wake mwenyewe, kulingana na mfuko wake. Ukuta tunaoujenga leo ndio huo. Unalipiwa, unakamilika, na baada ya hapo hauhitaji mtu mwingine. Sifa yake kubwa kwa anayeuuza ni hiyo hiyo: ukishakuwa nao, hutamhitaji jirani.

Kaka yangu ana jibu, na sitalikwepa. Anasema mimi napamba mambo ya zamani. Kuta za Thimlich zilijengwa kwa woga kama zetu, na kulikuwa na watu waliobaki nje nazo. Pia ananikumbusha mwanzo wa 2008, nyumba zilipochomwa mpakani Borabu na Sotik. "Siku hiyo ungeongea falsafa na nani?" Ana haki ya kuuliza. Kuna siku ambayo jirani anageuka, na mtu aliyewahi kuiona siku hiyo hawezi kuambiwa aache mlango wazi kwa sababu ya insha.

Lakini nikiifuata hoja yake hadi mwisho, siku kama hiyo ukuta wa mtu mmoja unasaidia nini? Watu mia wakija, chupa zilizovunjwa zitawachelewesha dakika ngapi? Na kwa mwizi mmoja wa usiku, kinachomfukuza ni nini hasa? Huku kwetu ni nduru. Mama akipiga nduru saa nane usiku, wanaotoka na tochi na panga ni wale wanaoijua njia ya kuja kwetu gizani, kwa sababu wanaipita kila siku. Ni wale wa chemchemi. Tukiifunga njia, hatumwondoi mwizi peke yake kwenye hesabu. Tunawaondoa pia watu pekee ambao wangesikia.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Ninayo haki ya kujikinga na mtu anayenitaka vibaya, na mama hapaswi kulala kwa wasiwasi ili mimi nionekane mtu mwema. Lakini haki hiyo haifiki mahali pa kumnyima maji mtu ambaye hajanikosea, na haifiki mahali pa kujifanya siishi na watu. Ukuta ni halali ukiwa na lango ambalo jirani anaweza kulipita, hata kama itabidi ainame.

Nimependekeza kwa familia kwamba ukuta urudi nyuma, njia ibaki nje yake. Tutapoteza ukanda wa mita mbili hivi, migomba kadhaa, na mawe ya ziada ya kupinda kona. Kaka anasema huko ni kugawa shamba la baba. Mama hajasema kitu, lakini amemwambia fundi asiguse upande huo kwanza. Tutaongea Desemba wote wakiwa nyumbani, na naijua hesabu itakayowekwa mezani: bei ya jiwe, bei ya saruji, thamani ya ardhi kando ya lami. Nitaomba kitu kimoja tu kiongezwe kwenye hesabu hiyo, yaani idadi ya nyumba ambazo zingetoka na tochi mama akipiga nduru. Mimi nimezihesabu. Ni kumi na moja, na zote zinachota maji chini ya shamba letu.